Kiti cha Mtemi na Pendo la Mungu

Msafiri atokaye Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma hupita Igoma kabla hajafika Kisesa. Pale Igoma yapo makaburi ya watu waliofariki tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka na kuzama ikiwa imekwisha kukaribia bandari ya Mwanza. Akiendelea mbele, yapata kilometa 20 kutoka mjini, atafika Kisesa, na hapo kando ndipo kilipo kilima cha Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma na kanisa la mviringo lililojengwa kwa kufuata nyumba ya Kisukuma. Mahali hapo pawili pamo katika njia moja, na mtu aweza kupazuru pote katika asubuhi moja. Sisi tulifanya hivyo tukifuatana na mwalimu mmoja na wanafunzi wake wa kidato cha tatu. Na swali la mmoja wa wanafunzi hao, aliloliuliza tulipokwisha kuketi kivulini Bujora, ndilo lililotushikisha kalamu.

Alisema hivi: "Katika somo la dini tumefundishwa kwamba Mungu alituumba kwa ajili ya utukufu wake. Tena tumefundishwa kwamba anatupenda. Sasa, anatupenda sisi, au anaupenda utukufu wake na sisi ni chombo tu?" Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka, wala hakujibu. Akatutazama sisi kana kwamba mtu mwenye mvi lazima awe na jibu mfukoni. Hatukuwa nalo.

Ndugu msomaji asidhani kwamba tumejitwalia kazi ya padre au mchungaji. Kitabu hiki ni cha utamaduni, nasi twaandika kama watunzi na wasomaji wa tungo. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 watu wa mwambao wa Ziwa hili wamejenga, wamechonga, wamepiga ngoma na kutunga nyimbo kwa sababu ya imani ya Kikristo, na kila aliyejenga au aliyetunga amelijibu swali la kijana yule kwa namna yake, ajue asijue. Kazi ya mhakiki ni kuyasoma majibu hayo na kusema lipi limesimama na lipi limepwaya.

Historia yenyewe yajulikana, nasi tutaipita haraka. Wajumbe wa kwanza wa Kanisa la Uingereza walifika Kageyi, kusini mwa Ziwa, mwaka 1877, wakielekea Buganda. Mapadre Weupe wakafika hapo hapo mwishoni mwa mwaka 1878, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Bukumbi. Nao wamisionari wa Africa Inland Mission wakashika kazi ya Nassa mwaka 1909. Wote walikutana na shida moja, shida ya maneno. Mungu alikwisha kuwa na majina yake: Seba, Liwelelo, Mulungu. Lakini utukufu wake ulinganishwe na nini? Watu wa bara hii hawakuwa wamemwona Kaisari wala Sulemani. Walichokijua ni ikulu ya mtemi. Na neno hilo ikulu lenyewe ni la huku bara, hata Kiswahili kikaliazima na kulipeleka pwani.

Hebu tuyatazame maneno yetu ya Kiswahili, maana humo mna nusu ya matata. Utukufu watokana na kutukuka, yaani kupanda juu, kuinuliwa. Mwenye utukufu yuko juu, nasi tuko chini tukimtazama. Neno la Kiebrania ambalo wafasiri walilitafsiri hivyo lina asili nyingine: lilitoka katika uzito. Mwenye kabodi ni mtu mzito, kama nasi tusemavyo katika mazungumzo ya kila siku kwamba fulani ni mtu mzito, neno lake halipeperuki. Tofauti si ndogo. Kilicho juu chaweza kuwa mbali nasi siku zote, lakini kilicho kizito hukandamiza mahali kilipo, na ukikaa karibu nacho unakisikia. Yamkini mtoto aliyelishwa neno utukufu tangu utotoni hujengewa Mungu aliye juu mno, kama bendera juu ya mlingoti, hata akisikia kwamba Mungu huyo anampenda hushangaa ni kwa kamba gani pendo lilivyoshuka.

Upande wa pendo mambo ni magumu zaidi. Lugha yetu ina pendo, upendo na mapenzi, na hili la mwisho lina maana mbili zisizofanana: ni mahaba, na pia ni matakwa. Mkristo asalipo sala aliyofundishwa na Bwana wake, huomba mapenzi ya Mungu yatimizwe, naye ana maana ya matakwa. Msibani vilevile husema: ni mapenzi ya Mungu. Sisi tumesimama katika misiba mingi ya kando ya Ziwa, na twakiri kwamba neno hilo latuliza. Hata hivyo sikio la Mswahili haliwezi kulisikia mapenzi bila kulisikia pendo ndani yake. Mama aliyempoteza mwana majini anaambiwa, kwa neno moja, kwamba Mungu alitaka hivyo na kwamba hayo ndiyo mahaba yake. Lugha nyingi za Ulaya hazina mtego huu, maana kwao kutaka na kupenda ni maneno mawili. Sisi tunao, na mtunzi wa nyimbo asiyeuona hutegua nao watu wasiokuwa na hatia.

Sasa turudi Bujora. Kazi ya pale ilianza katika miaka ya 1950 chini ya Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa kati ya 1962 na 1965, haujawaruhusu Wakatoliki wote kuabudu kwa sura na lugha za kwao. Kamati ya watafiti ilikusanya nyimbo, methali na vifaa, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Mojawapo ya majengo yake limefanywa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Ngoma za watemi zimehifadhiwa hapo. Na kanisani, ishara za nyumba na za utemi zimetumika kumheshimu Mungu. Kwa ufupi, wasanii wa Bujora walipotafuta utukufu walikwenda ikulu.

Walichagua vema? Kwanza sharti tuulize mtemi alikuwa nani. Jina lake, kama wazee wasimuliavyo, latokana na kutema, yaani kukata: ndiye aliyefyeka pori watu wakapata pa kukaa, au ndiye akataye mashauri. Ghala lake lilipokea nafaka za ushuru, nazo wakati wa njaa zilitakiwa kutoka tena ziwaendee watu. Mvua ilikuwa juu ya kichwa chake. Ikikosekana miaka mfululizo, watu waliweza kumwondoa kitini. Tena mtu aliyechoshwa na mtemi wake alijitwika mali yake akahamia kwa mtemi mwingine. Ndiyo kusema utukufu wa mtemi ulikuwa ni watu wake walioshiba. Mtemi wa watu wenye njaa hakuwa na utukufu wowote, hata ngoma zake zingekuwa 40.

Hapo picha ya Bujora ni ya kweli kuliko picha nyingi tulizoletewa. Mwalimu na afungue kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 36. Mungu anawaambia Waisraeli kwa ukali kwamba atendalo halitendi kwa ajili yao, bali kwa ajili ya jina lake lililotiwa unajisi kati ya mataifa. Msomaji akiishia hapo atasema kijana wetu amepata jibu: Mungu ajipenda mwenyewe. Lakini aendelee mistari michache. Jina hilo litasafishwaje? Kwa kuwaosha watu, kuwapa moyo mpya, kuwarudisha katika nchi yao, kuzidisha nafaka ili wasipate tena aibu ya njaa mbele ya jirani zao. Heshima ya Mungu imefungwa katika ghala la watu wake! Mzee yeyote wa Usukuma aliyeishi kabla utemi haujafutwa kisheria mwaka 1963 angeielewa sura hiyo bila mwalimu.

Lakini picha hiyo ina mwisho wake, na hapa ndipo tunapowalaumu wanaoitumia bila kufikiri. Mtemi aliwalisha watu kwa sababu aliwahitaji. Bila watu angekuwa mkulima mwenye kiti kizuri tu. Pendo lake, hata likiwa la kweli, lilikuwa na hesabu ndani yake. Mungu wanayemkiri Wakristo hana haja hiyo. Watu wote wakihama au wakifa, hapungukiwi. Basi mwanafunzi akiachiwa kufikiri kwamba Mungu ampenda kama mtemi mwerevu apendavyo raia zake, atakuwa amefundishwa siasa akadhani ni dini. Sisi tuliotumikia ofisi za umma kwa muda mrefu tunaijua sana heshima ya namna hiyo. Tumewaona wakubwa waliopenda kupendwa. Hugawa vitenge ili wapigiwe vigelegele, na vigelegele vikikoma na vitenge hukoma.

Wanazuoni wa Ulaya na Marekani wameligombania jambo hili kwa karne nyingi. Ireneo wa Lyon, katika karne ya 2, alifundisha kwamba utukufu wa Mungu huonekana katika mtu aliye hai. Katekisimu ya Westminster ya mwaka 1647 iliweka pamoja kumtukuza Mungu na kumfurahia kuwa kusudi moja la mwanadamu. Jonathan Edwards wa Marekani aliandika juu ya kusudi la Mungu katika kuumba, kitabu kikatoka mwaka 1765 yeye amekwisha kufa, akashikilia kwamba utukufu wa Mungu na furaha ya viumbe si vitu viwili vinavyoshindana. Na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulisisitiza kwamba ulimwengu umeumbwa kwa utukufu wa Mungu. Hatutawafuata hao wote. Mwalimu aliye na nafasi atawasoma. Kwetu yatosha kuona kwamba swali la kidato cha tatu lilikwisha kuwasumbua watu wenye madevu marefu.

Tupendavyo sisi ni kuitazama sikukuu ya Bulabo. Jina lenyewe ni la maua. Kila mwaka, katika majira ya sikukuu ya Ekaristi mwezi wa Juni, Bujora hujaa watu. Ekaristi hutembezwa kwa maandamano na ngoma, na baadaye huwapo mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Usukuma vilivyogawana mashabiki tangu karne ya 19. Sheria ya mashindano hayo ni ya ajabu kwa mgeni. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watu huenda wapendako; lenye umati mkubwa ndilo mshindi. Ningi, yaani kiongozi mtunzi wa nyimbo, hujisifu kwa kinywa chake, huwatukana wapinzani, huleta nyoka, vinyago na vituko, mradi watu wavutwe. Na tangu zamani hutumika dawa za mvuto.

Wako waliosema kwamba ngoma hizo si za kuwekwa karibu na Ekaristi. Sisi twaona kinyume, ingawa si kwa sababu ile ya kawaida ya kwamba utamaduni hauna budi kutunzwa. Sababu yetu ni kwamba siku hiyo kijana huona aina mbili za utukufu katika uwanja mmoja. Upo utukufu wa ningi, ambao ni umati. Ukiondoka, umekwenda nao. Na upo utukufu wa kile kilichobebwa asubuhi kwa shangwe zote za kitemi, ambacho ukikitazama kwa macho ni mkate, na mwisho wake ni kuliwa. Mtemi alikuwa akila ushuru wa watu. Huyu aliwa. Hapo ndipo kiti cha enzi cha Bujora kilipopinduliwa maana yake bila kuvunjwa hata mguu mmoja, na twaamini kwamba hapo wasanii walisema zaidi ya walichokusudia. Injili ya Yohana yaenda njia hiyo hiyo: saa ambayo Yesu aiita saa ya kutukuzwa kwake ni saa ya kuuawa, na jioni iliyotangulia alivua vazi akawaosha wanafunzi miguu, kazi ya mtumwa. Katika sala yake, sura ya 17, utukufu na pendo vimesukwa pamoja kama ukili. Huwezi kuuvuta mmoja mwingine usije.

Kwa hiyo jibu lipo, nasi tungelisema hivi: utukufu wa Mungu si ujira anaoupata kwa kutupenda. Pendo lake likionekana, huko kuonekana kwake ndiko utukufu. Waraka kwa Waefeso, sura ya 1, warudia mara tatu kwamba wateule ni kwa sifa ya utukufu wa Mungu, lakini wataja kwamba Mungu aliwachagua ili wawe wanawe kabla ya kuitaja sifa hiyo. Mwenye kuitanguliza sifa amegeuza mpini.

Je, nyimbo zetu zasema hivyo? Mwanza ni mji wa kwaya. Kwaya za Africa Inland Church, hasa ile ya Makongoro, zimesikika mbali sana na Ziwa, na hakuna parokia isiyo na watunzi wake. Tumesikiliza nyingi, na kwa upande wa sauti hatuna la kusema. Kwa upande wa maneno tunalo. Aghalabu wimbo wa sifa huwa ni msururu wa vyeo: Mfalme, Bwana wa mabwana, Mwenye enzi, Mtukufu, na vyeo vikiisha vinaanza upya kwa sauti ya juu zaidi. Tendo halitajwi. Ningi wa Kisukuma, pamoja na majivuno yake yote, hawezi kufanya kosa hilo. Akijisifu husema alicheza wapi, akamshinda nani, mvua ilinyesha au haikunyesha. Sifa isiyokuwa na tendo ni kujipendekeza, nayo humfanya msifiwa aonekane mpenda kujipendekezewa. Kosa la upande wa pili limezidi siku hizi: nyimbo ambamo Mungu yupo ili mwimbaji apate nyumba, gari na cheo, na maadui zake waaibike. Humo pendo limebaki na utukufu umefukuzwa, naye Mungu amefanywa karani wa kupokea maombi.

Mahali pa kuupima wimbo ni kaburini. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220, wengi wakirudi kutoka gulioni. Meli ya 1996 ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na kivuko cha 2018 vilevile. Mtu akisimama mbele ya majeneza hayo akaimba kwamba Mungu amejitwalia utukufu, amesema jambo la kutisha, na tena amewafichia walio hai uzembe wao. Wimbo unaosema kwamba Mungu aliwajua waliozama kwa majina waweza kuimbwa pale bila aibu.

Mwandishi aliyetufundisha zaidi juu ya jambo hili hakuwa mtunzi wa nyimbo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1981, alikuwa katekista, na hadithi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, karibu haihubiri dini popote. Ni habari za mume na mke wasiojaliwa mtoto. Ndugu za mume wanamkashifu mke; wazazi wa mke wanamchukua binti yao; mume anatakiwa kulipa faini ya pombe ndipo arudishiwe. Angeweza kuoa mwingine na heshima yake ingebaki kamili machoni pa watu. Badala yake anakwenda ukweni kichwa chini, anahangaika kutafuta ndizi na kupika pombe, anavumilia masimango. Kila msomaji anapofika mwisho wa safari hiyo humheshimu Myombekere kuliko alivyomheshimu mwanzo. Heshima imemjia akiwa haitafuti, imeingia kwa mlango wa pendo. Hatusemi kwamba Kitereza alikusudia fumbo la Mungu. Twasema tu kwamba katekista aliyefundisha habari za pendo la Mungu miaka mingi alijua pendo huwa na sura gani likiwa na watu.

Nasi tulijaribu, baada ya safari ile, kutunga ubeti mmoja:

Kiti cha enzi ni chake, juuye kuna mkate,
Na utukufu ni wake, ametupa sisi sote,
Hautaki peke yake, ataka nasi tupate,
Hata walozama wote, majina yao anayo.

Mizani imetimia, ila mshororo wa tatu hauturidhishi. Kusema hautaki peke yake ni kana kwamba alikuwa na upweke, kumbe tumekwisha kukana hilo hapo juu. Atakayeweza kuusahihisha na ausahihishe.

Tulimpelekea mwalimu yule ubeti huo pamoja na haya tuliyoyaandika. Alijibu kwamba kijana ameyasoma, na kwamba ana swali jingine: ikiwa mtemi aliweza kuondolewa mvua ilipokosekana, waliozikwa Igoma wamwondoe nani? Mwalimu amemwambia aje nalo Juni, siku ya Bulabo, tukae tena pale kivulini kabla ngoma hazijaanza.